Breki ya Mti

Mume wangu alikuwa konvoyeri katika kampuni ndogo ya malori hapa Goma. Konvoyeri anapanda nyuma, juu ya mizigo, na kazi yake kubwa ni kipande cha mti kilichochongwa pembe tatu. Lori likishindwa mlimani, anaruka chini na kukisukuma nyuma ya gurudumu kabla halijaanza kurudi. Malori mengi yana mti kama huo. Lakini katika kampuni ile breki zenyewe zilikuwa zimechoka muda mrefu, na mti ndio uliobaki. Karatasi ya kontrole, ule ukaguzi wa magari, ilikuwepo na muhuri wake. Lori lenyewe lilikuwa halijawahi kufika kwenye kontrole.

Shofere, dereva wa lori lile, naye alikuwa akijaza kitabu cha safari kila Jumapili, baada ya misa, kwa wiki nzima iliyokuwa inakuja: atapumzika wapi, atalala wapi. Mume wangu alikuwa akimtania, "Muzee, wewe unalala kwanza ndipo unasafiri."

"Mimi nalala kwenye karatasi," shofere alimjibu. "Wewe lala juu ya maharagwe."

Mume wangu alikufa kwenye mlima wa Kabasha. Walikuwa wamesafiri bila kupumzika na mvua ilikuwa imenyesha. Lori lilirudi nyuma, akaruka na mti wake, matope yakamtelezesha mpaka chini ya gurudumu. Shofere ndiye aliyenieleza, akiwa ameketi chini kwenye kilio, nyumbani kwetu Ndosho. "Mama, nilikanyaga breki, mguu ukaenda mpaka chini. Hakukuwa kitu." Nilimshukuru kwa kuniambia ukweli.

Siku ya mwisho ya kilio patron, mwenye malori, alikuja. Alileta mchele, akasali pamoja nasi. Kisha akamwita shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ambaye ana watoto wadogo na hakuwa na kazi. "Nafasi ya kaka yako ni ya familia," alimwambia. "Sitampa mutu mwingine."

Kwetu hiyo ni heshima. Kazi ya marehemu ikibaki nyumbani kwake, watu wanasema patron ana moyo. Mama mkwe alimshika mikono yote miwili akimshukuru. Mimi nilikuwa namwangalia shemeji, nikaona tayari yuko pale nyuma ya gurudumu.

"Papa patron," niliuliza, "breki zimetengenezwa?"

"Mama, tuko kwenye kilio. Mambo ya garaji tuyaache."

"Nauliza tu kama zimetengenezwa."

"Vipuri vinatafutwa. Mungu atatuangalia."

Mama mkwe alinigusa goti. "Mwanangu, nyamaza. Ni uchungu ndio unasema."

"Ni uchungu, mama. Na breki haziko."

Watu waliangalia sahani zao. Shemeji akasema kwa sauti ndogo, "Papa, nitakuja siku lori litakapotoka garaji." Patron alisema ameelewa, akachukua kofia yake, akaaga vizuri.

Mama mkwe alikaa siku nyingi bila kusema nami. Simlaumu. Shemeji sasa anabeba magunia kule Kituku, kwenye bandari ya ziwa. Siku nyingine anarudi na samaki kidogo, siku nyingine mikono mitupu, na mke wake ananisalimia kwa kifupi.

Lori halikuenda garaji. Nafasi alipewa jirani yetu wa barabara ya nyuma, nikasikia kwamba linapakia tena. Nilikwenda kumwona mke wake. Nilimkuta akifua suruali za mume wake, akanipa kiti. Nilimweleza yote: breki, karatasi, kitabu cha Jumapili, na maneno ya shofere. Aliacha kufua, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikata.

"Asante, mama," alisema.

Kisha akaikamua suruali, akaitandaza juu ya mawe. Ilipaswa kukauka, kwa sababu kesho yake mume wake alikuwa anaondoka na lori.