Kamera Niliyoichagua

Kapu la ukindu linalowekwa mlangoni mwa shughuli za wanawake hapa Mtambile lilianza kwa amri yangu. Miaka kadhaa iliyopita, video ya wanawake waliokuwa wakicheza vichwa wazi kwenye harusi ilitoka katika simu moja ikaingia katika simu za wanaume, na mke wa mtu akarejeshwa kwao kwa ajili ya kiuno chake. Mimi ndiye niliyesimama baada ya darsa nikasema kwamba tangu siku ile hakuna simu itakayovuka kizingiti. Walinitii. Nusu ya wanawake wa hapa nimewasomesha sekondari, na nusu nyingine wanauogopa ulimi wangu. Kila shughuli ikawa na kapu lake, na simu zikalazwa humo zimefunikwa kanga kama vifaranga. Haikunipitikia kwamba madhara makubwa kuliko yale ya mwanzo yangepita kando ya kapu hilo, yakiwa mkononi mwangu mwenyewe.

Dada yangu anaishi Maskati. Amefungwa na mashine ya kusafisha damu. Hawezi kukaa mbali nayo siku tatu, seuze kusafiri kuja kumtoa bintiye. Alipojua kwamba harusi itapita bila yeye hakulia. Alinipigia simu akaniomba kitu kimoja: amwone mwanawe siku hiyo, amepambwa, amekaa kitandani, hata kama ni kwa picha moja. Nilimwahidi. Kisha nikakumbuka kapu, nikaona haya kuwa mtu wa kwanza kuivunja sheria niliyoitunga. Nikaenda kwa wanawake wakubwa wa shughuli nikawaeleza. Walikubali kwa masharti mazito: isiwe simu, maana simu ina midomo mingi, iwe kamera, ishikwe na mimi tu, ipigwe picha moja tu, ya biarusi peke yake, katika chumba cha ndani. Mmoja wao aliniambia, "Tungekataa kwa mwengine yeyote." Niliipokea sentensi hiyo kama sifa.

Lazima nimtaje hapa mtu wa pili, kwa kuwa yote niliyoyaandika yanamwelekea yeye. Biarusi alikuwa na rafiki yake tangu chuo cha Kurani, msichana niliyemsomesha, mwenye mtoto wa kike wa miaka miwili. Mume wake alianguka kutoka juu ya mkarafuu msimu huo huo, tawi likiwa bado mkononi, akazikwa kabla ya magharibi. Sasa alikuwa akikaa eda katika nyumba ya marehemu, nyumba iliyojengwa juu ya kiwanja cha wakwe. Mavyaa wake, mama wa marehemu, alikuwa mkulima wa Mgogoni, mwanamke wa maneno machache. Siku ya hitma alisema mbele yetu sote kwamba mtoto atabaki kwa mama yake na nyumba itabaki kuwa yao, ikiwa mjane ataikaa eda ya mwanawe kama inavyokaliwa. Asipoikaa, mjukuu atalelewa Mgogoni. Hakupandisha sauti. Tulimwelewa.

Kwa hiyo biarusi aliponibembeleza, akisema, "Mama mdogo, mwache apite mlango wa uani, anione tu, hatokaa," nilikataa. Nilikwenda mwenyewe kwa mjane. Nilimkuta amevaa nguo zake nyeupe za eda, anachambua mchele, mtoto amelala kwenye jamvi. Nikamwambia kwamba harusi si mahali pake, kwamba eda imebaki miezi michache tu, na kwamba subira ina mwisho lakini aibu haina. Akajibu, "Sawa, mwalimu." Niliondoka nimeridhika, kama mtu aliyefunga mlango na kuusukuma mara mbili.

Kamera niliziona kwa mwalimu mwenzangu wa fizikia, ambaye mchana hufundisha mwanga na jioni huuza mwanga kwa kupiga picha za pasipoti na za mahafali. Alizileta mbili katika ofisi ya walimu na kuziweka juu ya madaftari niliyokuwa nikisahihisha. Moja ilikuwa ya mfukoni, bapa, lenzi yake ikichomoza na kurudi kama kichwa cha kobe. Ya pili ilikuwa ya kubadilisha lenzi, ile ya daraja la wanaoanza, na pamoja nayo lenzi mbili: moja ya kuvuta, na moja fupi, nene, isiyovuta kitu. Alinisihi nichukue ya pili na lenzi ile nene. Alinipiga picha papo hapo kwa kila kamera, nikiwa nimekaa mbele ya ukuta wenye ratiba ya vipindi. Katika picha ya kamera ndogo kila kitu kilisomeka: uso wangu, ratiba, hata jina la somo la Alhamisi lililoandikwa kwa penseli. Katika picha ya kamera kubwa nilikuwapo mimi tu. Nyuma yangu ukuta na ratiba vilikuwa vimeyeyuka kuwa ukungu laini wa rangi ya maziwa.

"Chumba cha biarusi kina mambo mengi," alisema. "Nguo zimetundikwa, watu wanaingia na kutoka. Hii kubwa ina adabu, mwalimu. Haiangalii kisichoihusu. Hiyo ndogo ni jirani mwenye dirisha."

"Adabu ninayo mimi," nikamjibu. "Hivi ni vyuma tu."

Akacheka, akasema basi na tumwombe Mungu chuma na mwalimu wakubaliane.

Nilizipima zote mbili mikononi, na nataka niseme kweli juu ya mizani niliyoitumia. Nilijiambia kwamba ukungu ule ni uongo wa kistaarabu, kwamba dada yangu ameomba kumwona mwanawe katika chumba chake halisi. Nilijiambia kwamba kamera kubwa ingenihitaji nijifunze vitufe, na muda haukuwapo. Ndogo, tena, ilikuwa na uwezo wa kuituma picha kwenye simu yangu bila waya, na dada alikuwa aingie kwenye mashine alasiri ya siku ya harusi. Hoja hizi zote zilikuwa sahihi, na hakuna hata moja iliyokuwa sababu. Sababu ni kwamba sikutaka kuonekana. Sikutaka kupita mbele ya wanawake mia, mbele ya kapu langu mwenyewe, na kamera inaning'inia shingoni kama mpiga picha wa mjini. Nilitaka kitu kitakachoingia katika mfuko wa baibui na kutoka bila ya mtu kukumbuka kwamba kiliingia. Nilichagua kilichonificha mimi, na wala sikujiuliza kitamfichua nani.

Siku ya harusi nyumba ilikuwa imejaa harufu ya udi na asumini, na ukumbini ngoma ilikuwa imekwisha kupamba moto. Niliingia chumba cha ndani nikawatoa wote. Hakubaki mtu ila biarusi, amekaa ukingoni mwa kitanda katika nguo yake ya kijani, mikono yenye hina imelala magotini. Nyuma yake, pembeni kidogo, lilisimama kabati la milango mitatu, mlango wa kati una kioo. Nyuma yangu mimi ulikuwepo mlango wa uani, wenye pazia. Nilifunga wa mbele kwa komeo. Wa nyuma niliuona umefungwa, na sikuugusa.

Nilinyanyua kamera. Biarusi alikuwa mkavu, macho chini, kama anayesubiri hukumu. Nilimwambia amfikirie mama yake. Ghafla akanyanyua uso akatabasamu, tabasamu pana la mtoto aliyeshtukizwa na zawadi, na mimi nikabonyeza. Kamera haikutoa sauti yoyote. Nilipogeuka kuifuata fahari yangu nje, pazia lilikuwa likitikisika, nami nikadhani ni upepo wa uani.

Nilichukua simu yangu kapuni, nikasimama ukutani nje, nikaitazama picha katika kioo kidogo cha kamera, kisha katika simu. Niliona uso wa mpwa wangu. Miwani ilikuwa mkobani, nami sikuona haja ya kuitafuta. Nikaituma Maskati, na baada ya muda mfupi dada akanirudishia sauti yake, akilia, akisema, "Ananichekea mimi. Mwanangu ananichekea mimi." Nikalia na mimi. Sikumwambia asimpe mtu mwengine, kwa kuwa sikuona cha kuhofia. Biarusi alikuwa amesitirika vyema, na alikuwa peke yake.

Wanawake wa Pemba walioko Maskati hutembelea wagonjwa kama walivyokuwa wakifanya nyumbani. Dada aliwaonyesha wote picha ile. Mmoja wao, binamu wa yule mavyaa wa Mgogoni, akamwomba amtumie, na dada, katika furaha yake, akamtumia. Siku ya tatu picha ilikuwa imerudi kisiwani.

Niliitwa baada ya sala ya alasiri. Mavyaa alikuwa amekaa juu ya jamvi katika nyumba ya marehemu mwanawe, mgongo umenyooka. Mkwewe alikaa mbele yake, mtoto amelala mapajani. Tuliamkiana kwa utaratibu wote. Aliniuliza hali ya dada yangu, akamwombea afya. Kisha akanipa simu. Picha ilikuwa imevutwa karibu mpaka biarusi ametoka nje ya mpaka wake, na kilichobaki ni kioo cha kabati. Nilivaa miwani yangu. Ndani ya kioo, baina ya pazia na mlango wa uani, katika chumba ambacho kila kitu kilikuwa kijani na dhahabu, alisimama mtu aliyevaa nguo nyeupe na mtoto kiunoni. Mkono wake mmoja ulikuwa mdomoni, lakini haukutosha kuzuia kicheko. Meno yake yalionekana. Hata mshono wa nguo yake ulionekana.

Ndipo nilipojua tabasamu lile lilikuwa la nani.

"Macho yangu yamezeeka, mwalimu," mavyaa akasema. "Yeye anasema siye. Weye hunena kweli, na picha umepiga weye. Nambie, huyu nani?"

Mjane hakuniangalia. Alikuwa anazipanga nywele za mtoto, unywele kwa unywele. Nilijua kwamba neno moja kutoka kwangu lingepokelewa bila ushahidi, kwa sababu ya miaka yote niliyoishi nikijisifu kwamba sisemi uongo. Nilijua pia kwamba kama ningeichukua kamera nyengine, mahali pale pangekuwa na doa jeupe ndani ya ukungu, nami ningeweza kusema sijui, na isingekuwa dhambi. Lakini kamera yangu ilikuwa imeona kila kitu, na mimi nilikuwa nimevaa miwani.

"Ni yeye," nikasema.

Mavyaa akachukua simu yake, akaizima, akaiweka chini taratibu. "Kwenda angekwenda," akasema. "Ningesema ni mtoto, amemkumbuka shoga yake. Lakini anacheka. Mwanangu hajamaliza miezi miwili ardhini, naye anacheka."

Nilisema niliyoyajua. Nilisema kwamba kosa ni langu, kwamba hakwenda kusherehekea, kwamba alisimama pumzi chache tu akaondoka, na kwamba sheria inampa mama haki ya kumlea mtoto wake. Aliniachia niseme mpaka nikamaliza, kama mimi ninavyowaachia wanafunzi waliokwisha kushindwa. Kisha akasema sheria anaijua, na Kadhi yupo Chake Chake, na atakayemtaka amfuate. Lakini kiwanja hiki cha nani? Alimnyanyua mtoto akiwa bado usingizini, akamlaza begani, akatoka naye. Mjane alimfuata mpaka kizingitini, na hapo akasimama, kwa kuwa alikuwa katika eda.

Aliimaliza eda yake yote ndani ya nyumba ile, siku kwa siku, peke yake. Nilimwambia nitamsindikiza kwa Kadhi. Alikataa, akisema kesi itamfanya bibi amfiche mtoto zaidi. Siku ya kumi baada ya miezi minne alihamia kwa kaka yake Gombani. Huenda Mgogoni siku za Ijumaa, akikubaliwa. Mtoto, nasikia, humwita bibi yake "mama".

Nimeendelea kufundisha, na kapu bado linawekwa. Hakuna aliyenilaumu hadharani. Dada yangu ameitia fremu picha ile, na sijamwambia. Siku hizi kina mama wanapokuja kuniuliza jambo, wanaliuliza kwa uangalifu, wakichagua maneno, kama watu wanaozungumza mbele ya kitu kinachorekodi.

Wiki iliyopita mjane alibisha hodi kwangu. Aliniamkia kwa shikamoo ile ile ya darasani, akakaa, akanywa chai. Nilifikiri amekuja kusema lile alilokuwa na haki ya kulisema, na nilikuwa tayari. Alitaka picha. Nilipomuuliza ya biarusi, akatikisa kichwa. "Ile ya kwenye kioo, mwalimu. Sina nyengine niliyopiga na mwanangu."

Nilikuwa nimeirudisha kamera, lakini kadi yake nilibaki nayo. Niliipeleka kwa mwalimu wa fizikia nikamwomba akate pembeni, atoe kioo peke yake, aikuze kwa ukubwa wa daftari. Alifanya hivyo. Chembechembe zilitokeza kidogo, lakini kila kitu kilikuwa bado wazi: pazia, nguo nyeupe, mkono mdomoni, kicheko. Mjane anamtazama biarusi. Mtoto hamtazami biarusi. Kichwa chake amekigeuza kwenye kioo, na macho yake, makavu na yaliyotulia, yananitazama mimi nikinyanyua kamera.