Mama Ashley na Skrini ya Kugusa

Kwa miaka mingi waliofiwa mjini Kakamega walielekezwa kwa Gentrix Awinja. Ukitoka mochari, pita soko, ingia ujia ule wenye fundi wa viatu, uliza Mama Ashley. Hapo ndipo zilipochapwa programu za mazishi, zile karatasi zenye picha ya marehemu mbele, ratiba ndani, na wasifu wake: alizaliwa wapi, alisoma wapi, alioa au aliolewa na nani, ameacha akina nani.

Gentrix alikuwa mwepesi wa kuchapa. Vidole vyote vilifanya kazi, macho yake yakiwa kwa mteja wala si kwenye kibodi, na hilo la macho ndilo watu walilolipenda. Mtu angeanza kueleza habari za baba yake, akwame katikati, na Gentrix hangemharakisha. Angetulia, mikono juu ya kibodi, mpaka sauti imrudie mwenyewe.

Kiharusi kilimpata nyumbani, akipalilia maharagwe. Jembe lilianguka kwanza, kisha yeye. Mumewe, Lusweti, aliyekuwa fundi wa boila katika kiwanda cha sukari kabla ya kustaafu, alimbeba mgongoni mpaka kwa jirani mwenye gari. Gentrix aliporudi kutoka hospitalini, mguu wake ulikuwa ukiburuta kidogo, maneno yalitoka polepole lakini yalitoka, na mkono wa kulia ulining'inia tu kama umepachikwa.

Alijifunza kula obusuma, ule ugali wa kwao, kwa mkono wa kushoto. Alijifunza kufunga leso kwa mkono mmoja na meno. Mvua za kwanza zilipoanza, akamwambia Lusweti, "Nirudishe kazini. Hapa nyumbani nitaoza."

Kazini mambo hayakwenda. Kibodi aliiweza kwa mkono mmoja, herufi baada ya herufi, lakini mausi ilimshinda. Kila alipoishika kwa kushoto, ilimponyoka, ikakamata sentensi nzima na kuipeleka asikojua. Siku moja alichapa programu ya mama mmoja wa Lumakanda. Alipokuwa akipanga picha, mausi iliteleza, mstari mmoja ukafutika, naye hakuona. Kule kaburini wasifu uliposomwa, watoto wote wa marehemu walitajwa isipokuwa mmoja, binti aliyekuwa amemuuguza mama yake hadi mwisho.

Binti huyo alikuja mjini baada ya mazishi. Gentrix alimtazamia matusi, na matusi yangekuwa afadhali. Yule dada aliketi tu kwenye kiti cha wateja, akaiweka ile programu mezani na kusema, "Mama Ashley, hata wewe hukuniona?"

Gentrix alimwomba msamaha, na dada alimsamehe, akaenda. Jioni ile Gentrix alifunga mlango na kumwambia mumewe kwamba kazi imekwisha.

Katika ujia uleule, mlango wa pili mkono wa kushoto, Philip Osiako naye alikuwa na duka la kuchapa. Wateja wote walihamia kwake. Hilo Gentrix angelivumilia. Lililomchoma ni habari aliyoletewa hospitalini, kwamba Osiako alibandika karatasi kwenye mlango wa Gentrix: *Huduma zinapatikana mlango ule.* Na yeye amelala, hajui kama atasema tena! Tangu siku hiyo hakumjibu Osiako hata salamu.

Basi ikatokea kwamba supamaketi moja mjini ilifungwa na vyombo vyake vikauzwa. Lusweti alikwenda kutafuta rafu za kuwekea mahindi. Alirudi na kompyuta nzee, moja ya zile za mahali pa kulipia, yenye skrini ya kuguswa kwa kidole.

"Mama Ashley, hii haitaki mausi," alisema, akiifuta vumbi kwa kofia yake. "Niliwaona wale wasichana wa kaunta. Unagusa tu. Kidole kimoja."

Waliipeleka kule dukani, wakaiwasha. Iliguna kama mtu aliyeamshwa mapema, ikawaka. Lusweti akagusa skrini. Kimya. Akagusa tena, akabonyeza, akagonga kama anayebisha mlango. Mshale ulikaa palepale katikati.

"Wameniuzia mzoga," alisema, na uso ukamshuka.

"Ngoja kwanza, Baba Ashley. Pengine haina draiva."

Lusweti alimtazama. "Dereva? Wa kompyuta?"

Gentrix alicheka, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu. Akamweleza kwa maneno yake ya polepole. Kioo chenyewe kinaweza kuwa kizima na kinahisi kidole vizuri, ila kompyuta haielewi kinasema nini. Draiva ni programu ndogo ya kuwatafsiria hawa wawili. Hii mashine ilifutwa kabla ya kuuzwa, na mkalimani akafutwa pamoja na mengine.

Alianza kuitafuta siku iliyofuata. Ilikuwa kazi ya kumtoa mtu machozi, kwa sababu hata kutafuta draiva ya kuachana na mausi kulihitaji mausi. Lusweti aliishika, yeye akawa anaelekeza: peleka juu, hapana, kidogo tu, bonyeza mara mbili. Mkono uliozoea spana za boila ulikuwa mzito, na mara nyingi walifungua wasichotaka. Hatimaye waliipata draiva moja mtandaoni iliyosemekana inafaa skrini za aina zote. Wakaiweka, wakazima, wakawasha.

Gentrix alinyoosha kidole cha kushoto akagusa pembe ya juu. Mshale ukaruka chini. Akagusa kulia, ukakimbilia kushoto.

"Hii ina kiburi," Lusweti alisema.

Walijaribu kuiondoa ile draiva. Mvua ya alasiri ilikuwa imeshaanza kupiga mabati, radi ikalia upande wa msitu, na stima ikapotea kazi ikiwa katikati. Iliporudi, mambo yalikuwa mabaya kuliko mwanzo. Sasa mshale ulitetemeka na kukimbia wenyewe bila mtu kugusa, ukifungua na kufunga madirisha ovyo.

Gentrix aliutazama ule mshale ukitetemeka, kisha akautazama mkono wake. Akageukia ukuta ili Lusweti asimwone uso.

Lusweti alitoka nje. Aliporudi alikuwa na Osiako.

"Mulembe, Mama Ashley," Osiako alisema akiwa mlangoni. Alikuwa mtu mrefu mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi nyuma ya shingo.

Gentrix alimkazia mumewe macho. "Nani alikutuma?"

"Hakuna," Lusweti alijibu. "Nimejituma. Ukasirike, lakini ukasirike mashine ikifanya kazi."

Osiako hakuingia. Alingoja pale kizingitini, na Gentrix akaona kwamba hataingia mpaka aambiwe. Basi akamuuliza lile lililomkaa moyoni.

"Osiako, ile karatasi. Ulibandika mlangoni kwangu ningali hospitalini."

"Nilibandika."

"Kwa nini?"

Osiako alivua miwani. "Watu walikuwa wanakuja na picha za marehemu mkononi, Mama Ashley. Wanabisha, wanangoja, wengine wanakaa hapo sakafuni wakilia. Mlango umefungwa na hawajui kama utafunguliwa. Ningewafanyia nini?"

Gentrix alifikiri. Alitafuta jibu kali, kwa kuwa alikuwa amelitunza muda wote huo, lakini aliwaona wale watu sakafuni kama aliyekuwepo.

"Ungekuja kuniambia," alisema mwishowe.

"Nilikuja. Ulikuwa umelala. Baba Ashley anajua."

Lusweti aliitikia kwa kichwa. Kweli, alikuja, akaleta maziwa. Siku zile zilikuwa nyingi na nzito, na yeye alisahau kumwambia mkewe.

"Ingia basi," Gentrix alisema. "Usisimame mlangoni kama mgeni."

Osiako aliigeuza mashine, akachunguza nyuma. "Hapa kuna nyaya mbili," alisema. "Huu wa picha, huu wa kugusa. Huu wa kugusa haujashika vizuri." Aliukaza. Kisha akachomoa ule wa kugusa makusudi, na mshale ukaacha ukichaa wake. Gentrix akaelewa mara moja.

"Tuondoe draiva mbovu wakati skrini haisumbui."

"Hivyo hivyo. Tuitoe yote na mabaki yake, halafu tuweke inayofaa. Zikiwa mbili zitapigana."

Walifanya kazi hiyo pamoja, Osiako akishika mausi na Gentrix akisoma. Ni Gentrix aliyejua pa kuangalia. Kwenye orodha ya vifaa palikuwa na kifaa kisichojulikana chenye alama ya njano, na ndani yake namba za utambulisho. "Hizo ndizo jina lake la kweli," alisema. "Tutafute kwa hizo. Tusitafute kwa jina la kompyuta." Osiako alizitafuta kwa simu yake, wakaikuta draiva ya zamani, ya kompyuta za rika lile, imekaa kwenye kona ya kurasa za watengenezaji ambako siku hizi hakuna anayepita. Aliishusha, akaihamisha kwa fleshi. Wakasakinisha, wakauchomeka waya, wakawasha upya. Lusweti alikuwa akitazama mawingu na kuomba stima isicheze.

Skrini ilitokeza msalaba mdogo pembeni, na maandishi: gusa hapa. Osiako, akiwa amesimama, aligusa msalaba wa kwanza, ukahamia pembe nyingine, akaufuata pembe zote mpaka ukaisha. Alipotelezesha kidole kwenye kioo, mshale ulimfuata kama mtoto anayemfuata mama yake.

"Eee!" Lusweti alipiga makofi. "Sasa wewe, Mama Ashley."

Gentrix alisogeza kiti, akagusa alama ya kufungua ukurasa mpya. Ikafunguka alama ya kando. Akagusa tena, ikafunguka nyingine.

Osiako alikaribia asaidie, lakini Gentrix alimzuia kwa kiganja. Alikuwa anapima kitu kichwani.

"Wewe umegusa ukiwa umesimama, na ni mrefu," alisema. "Mimi nimekaa, natoka chini, natoka kushoto. Imejifunza mkono wako. Rudisha ile misalaba, nigonge mimi."

Misalaba ikarudishwa. Haikuwa rahisi. Msalaba ulitaka kidole kitulie juu yake kidogo kabla ya kukubali, na mkono wa kushoto, ambao maisha yake yote ulikuwa msaidizi tu, ulitetemeka. Aligusa, ukakataa. Akagusa, ukakataa. Wanaume wawili walitazama sakafuni. Gentrix aliegemeza kiwiko mezani, akavuta pumzi kama alivyofundishwa na daktari wa mazoezi kule hospitalini, akagusa. Msalaba ukahama. Akaufuata, ukahama tena. Wa mwisho ulikuwa mbali, pembe ya kulia chini, na ilimbidi ainame mpaka bega likalalamika. Ukakubali.

Alipogusa alama ya ukurasa mpya, ukafunguka ukurasa mpya, mweupe. Osiako alimwekea kibodi ya kwenye skrini, akazikuza herufi zake, na kupanga mashine ihesabu mguso pale tu kidole kinapoinuka, ili mtetemo usiandike mara mbili. Gentrix aliandika jina la binti yule wa Lumakanda aliyesahaulika, herufi moja moja. Hakuwaambia ni nani. Alilitazama, kisha akalifuta mwenyewe.

Kasi yake ya zamani haikurudi, na hakujidanganya kuhusu hilo. Programu aliyokuwa akiimaliza kabla chai haijapoa sasa ilikula asubuhi nzima, na kuna siku bega humuuma mpaka anafunga mapema. Kazi za haraka humwachia Osiako, na Osiako huwaleta kwake wale wenye mengi ya kusema, kwa kuwa mwenyewe anakiri kwamba mtu akianza kulia mbele yake hukimbilia kuwasha printa. Maziwa ya chai wanachangia.

Mteja wa kwanza kwenye skrini ile alikuwa Andati, mkulima wa miwa kutoka Navakholo, aliyefiwa na mama yake. Aliketi, kofia magotini, akaanza kwa maneno yale ambayo kila mtu huanza nayo: marehemu alikuwa mcha Mungu, mchapakazi, mpenda watu. Gentrix aliyafuata kwa kidole chake kimoja. Alipokuwa bado kwenye "mchapakazi", Andati alikuwa amekwisha sema yote aliyopanga kusema. Ikabidi angoje. Na katika kungoja huko, akimtazama mama huyu akitafuta herufi kwenye kioo, mengine yakaanza kumjia.

"Alikuwanga na sauti mbaya sana," alisema ghafla. "Ya kuimba. Kanisani watu walikuwa wanageuka. Na yeye hakujali, aliimbanga tu, kwa nguvu."

Gentrix aliinua kidole kutoka kwenye skrini, akamtazama.

"Niandike hivyo?"

Andati alifikiri kidogo, machozi yakimlengalenga, na papo hapo akicheka.

"Andika," alisema. "Andika, watu wamjue."