Aliyefuta wino mwekundu sasa awasaka wagonjwa kwa simu

Saa moja na nusu asubuhi, kabla wenzake hawajafika kazini, mwanamke mmoja amekaa kwenye chumba cha chini cha hospitali, simu ya mezani sikioni, kalamu mkononi. Anaongea na mtu asiyemjua hata kidogo.

"Habari za asubuhi, mama. Napiga kutoka masijala ya hospitali. Samahani kwa usumbufu. Naomba kukuuliza, kuna dawa yoyote inayokukataa?"

Anasikiliza. Anakunja uso, kisha anaangua kicheko.

"Hapana, mama, sitaki namba yako ya siri! Wala hujashinda zawadi yoyote. Fanya hivi: kata simu, chukua kadi yako ya kliniki, piga namba iliyoandikwa pale juu, uliza masijala."

Baada ya dakika tatu simu inalia. Ni mama yuleyule, sasa mpole kama si yeye aliyekuwa akitishia kuita polisi. Dawa inayomkataa ni ya salfa. Mwanamke anaandika, anamshukuru, anaweka tiki kwenye orodha yake.

"Sitini na wawili," anasema. "Bado mmoja."

Hospitali nzima inamwita Mama Skana. Kazi yake ni kuchukua mafaili ya wagonjwa ya miaka ishirini, kung'oa pini, kunyoosha karatasi zilizojikunja na kuzipitisha kwenye skana, mashine yenye ukubwa wa cherehani inayopiga picha kila ukurasa pande zote mbili. Picha zinasafiri kwenye mtandao wa hospitali hadi kompyuta kubwa, na nesi aliye wodini anazifungua kwenye skrini. Karatasi zenyewe zinapelekwa kusagwa, kwa kuwa chumba hicho kinatakiwa kiwe kliniki ya watoto.

Kabla ya hapo alikuwa mfagizi wa hospitali hiyohiyo kwa miaka kumi na mmoja. Skana zilipoletwa, mkufunzi alikuja siku mbili, akafundisha kwa lugha ya kigeni na maneno ya kitaalamu yasiyo na mwisho. Makarani wanne walioteuliwa walitikisa vichwa kwa adabu, na wiki iliyofuata wote wakaomba kuhamishwa.

"Mimi nilikuwa napiga deki mlangoni," anasimulia. "Nilipiga deki sehemu moja siku mbili nzima. Sakafu ile ilitakata!"

Alichokisikia alikiandika kwenye daftari, na kila neno lililomshinda alilipa jina lake. Kompyuta kubwa akaiita Bibi, kwa kuwa inatunza kila kitu na haisahau. Kile kisanduku chenye taa za kijani kinachopitisha ujumbe wa mashine zote akakiita Shangazi, kwani hakuna habari inayofika kwa Bibi bila kupita kwake. Skana ikawa Bi Harusi. Haitaki vumbi, na kila asubuhi lazima ifutwe uso kwa kitambaa laini.

Makarani walipoondoka, aliyejua kuiendesha mashine alikuwa yeye tu, akapewa kazi hiyo. Siku moja skana na printa ya ghorofa ya pili zilikataa kufanya kazi, zikawa zinapokezana kuzima na kuwaka. Alimpigia fundi wa mtandao. Fundi akamwambia kwa kirefu kwamba kila mashine kwenye mtandao ina anwani yake ya namba, na hizi mbili zimepewa anwani moja.

"Sema basi wamekuwa wake wenza!" Mama Skana akamkatiza. "Nyumba moja, funguo moja. Hebu mmoja mjengee kwake."

Fundi anakiri kwamba alicheka hadi akakaa chini. "Tangu siku hiyo hata sisi mafundi tunasema hivyo. Mtu akipiga simu kusema kuna uke wenza ghorofa ya tatu, najua cha kufanya kabla hajamaliza," anasema.

Umahiri huo ulimpandisha cheo. Mwaka jana alikabidhiwa chumba chote na mshahara wake ukaongezeka kwa theluthi moja. Mumewe, fundi viatu, anasema nyumbani hakukaliki tena. "Ukimwuliza chumvi iko wapi, anakuuliza umetafuta kwenye folda gani."

Lakini ni jina moja la daftari lile lililomponza, na hapo ndipo mwandishi wa makala haya alipotarajia angekwepa. Hakukwepa. Alivuta kiti karibu zaidi.

Fomu za zamani za hospitali zilichapwa kwa mistari myekundu. Kwenye picha, mistari hiyo ilitoka kama matope juu ya maandishi. Akipekua mipangilio ya skana, Mama Skana aligundua kitufe cha kuiambia mashine isione rangi nyekundu. Alipokijaribu, mistari ilitoweka na maandishi ya bluu na meusi yakabaki kwenye weupe wa kupendeza. Mkuu wa masijala alimsifia mbele ya watu.

"Kitufe hicho nikakiita Sabuni," anasema, na kwa mara ya kwanza hacheki. "Ndilo kosa langu. Nilikipa jina zuri mno. Nani anaiogopa sabuni? Nikawa nakiwasha asubuhi, siwazi tena."

Ambacho hakukijua ni kwamba manesi wa hospitali hiyo wana desturi moja ya kazi. Dawa inayoweza kumuua mgonjwa huandikwa juu ya faili kwa kalamu nyekundu, ili hata mwenye haraka aione.

Kwa siku tisa Sabuni iliosha mafaili 1,140.

Siku ya kumi, nesi wa wodi ya watoto aliteremka ngazi kwa hasira, viatu vikisikika toka juu. Alikuwa amefungua faili la mtoto anayemfahamu vizuri, mtoto ambaye yeye mwenyewe aliwahi kumwandikia onyo. Kwenye skrini, mahali pa onyo palikuwa peupe.

"Nilimwambia, wewe mama, umekula wino wangu?" nesi anakumbuka. "Nilikuja kugombana. Akalivuta faili lenyewe, akawa anatazama karatasi, anatazama skrini. Uso ulikuwa umempauka kama majivu. Ugomvi ukaniisha palepale."

Hakuna aliyekuwa amedhurika. Hilo Mama Skana analirudia mara tatu, na kila mara anashusha pumzi.

Angeweza kunyamaza. Mashine hairekodi nani amebonyeza nini, na chumba kile huingiwa na watu wengi. Badala yake alipiga simu kwanza kwenye chumba cha kusagia karatasi, akapiga kelele wasimamishe, halafu akapanda kwa mkuu wa masijala akamweleza yote akiwa amesimama.

"Nilikasirika, sitaficha," mkuu huyo anasema. "Lakini jamani, mtu anakuletea kosa lake mwenyewe mezani, pamoja na idadi ya mafaili na mpango wa kuyarekebisha, utamfanya nini? Nilimwambia arudi kazini."

Mafaili karibu yote yalikuwa bado na karatasi zake. Aliyapitisha upya kwa rangi zote, moja baada ya jingine, wiki tatu, mistari myekundu na matope yake. Maonyo 212 yakarudi. Lakini mafaili sitini na matatu yalikuwa yameshasagwa. Ndani yake, nani alikuwa na onyo na nani hakuwa nalo, hakuna ajuaye isipokuwa wagonjwa wenyewe. Ndiyo maana ya simu za asubuhi.

Si kazi nyepesi. Wako waliomwita tapeli. Yuko babu aliyemsimulia maradhi yake yote tangu ujana, na mwishowe akasema hana dawa inayomkataa, ila mkwewe tu ndiye anayemkataa. Yuko dada aliyedhani ni mwanamke wa nje anayempigia mumewe, akamporomoshea maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa. Baadaye dada huyo alipiga mwenyewe kuomba radhi, na wanasalimiana hadi leo.

Kati ya sitini na wawili waliopatikana, kumi na wanne walikuwa na onyo.

Aliyebaki ni dereva mstaafu. Namba yake ya zamani haipo hewani. Mama Skana amepiga kwa jirani, kwa mwenye nyumba aliyehama, mpaka kwa mpwa wake anayefanya biashara ya mbao, na kila mahali ameacha ujumbe. "Silali vizuri kwa sababu ya mzee huyu," anasema. "Chakula nakila, lakini nakila na yeye."

Wakati huohuo daftari linaandikwa upya. Mkuu wa masijala ameliomba liwe mwongozo wa wafanyakazi wote wapya, kwa Kiswahili cha mtu wa kawaida. Bibi na Shangazi wamebaki. Kila kitufe sasa kina maelezo mawili: kinafanya nini, na kinaondoa nini. Sabuni imefutwa. Mahali pake pameandikwa Kifuta Nyekundu, na chini yake ameeleza kisa chote bila kujionea haya.

Saa tisa na robo alasiri, mwandishi akiwa anakusanya vitu vyake aondoke, simu ya mezani inalia. Sauti ni nzito na inasikika chumba kizima.

"Wewe ndiye unayenitafuta mpaka kwa watoto wa dada yangu? Nimefanya nini?"

Mama Skana anasimama wima, kama vile mzee yuko mbele yake.

"Shikamoo, mzee. Hujafanya kitu. Mimi ndiye niliyefanya."

Anamweleza. Haruki hata kipande kimoja. Kisha anamuuliza swali lake.

"Penisilini," mzee anajibu. "Nilichomwa mara moja tu, koo likavimba, nikazindukia kwenye oksijeni. Lakini hilo si mnalo? Nilimwona nesi kwa macho yangu akiliandika na kupiga mistari miwili chini yake."

"Aliliandika, mzee. Mimi nikalifuta."

 

"Basi umenipata kwa wakati, mwanangu," mzee anasema taratibu. "Jumatatu nalazwa hapo kwenu. Napasuliwa ngiri."

Mama Skana anaketi. Anaandika neno hilo kwenye kompyuta herufi kwa herufi, anampigia nesi wa wodi ya upasuaji na kumsomea mara mbili. Mzee bado yuko kwenye laini nyingine, anauliza: kama anayefuta na anayeandika ni mtu yuleyule, je, analipwa mshahara mmoja au miwili? Mama Skana anacheka huku machozi yakimtoka, wala hayafichi.

Akishaweka simu chini, anapiga tiki ya sitini na tatu. Mwandishi anamuuliza kama sasa atalala.

"Nitalala Jumatatu," anasema. "Asubuhi nitapanda ghorofani mwenyewe, nisimame nyuma ya nesi, nilione neno lile kwenye skrini kabla sindano haijatolewa kwenye pakiti yake."