Daktari alisema wodi haiko tayari, mama akasema yeye yuko tayari

Wakuu, asalaam aleikum. Haya sikusimuliwa, nilikuwepo. Wa kubisha abishe, lakini asome kwanza.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa nesi wa watoto wachanga, hospitali moja hapa Unguja. Jina silitaji.

Tukapewa kazi ya kupima kama wodi yetu iko tayari kwa watoto wenye maradhi ya moyo kubebwa kifuani na mama zao, ngozi kwa ngozi. Tukapangwa mimi na Dokta Salum, mkuu wa wodi.

Wakati ule tulikuwa na kitoto kimoja, moyo una tundu, kinapumulia oksijeni. Mama yake, Bi Mize wa Kizimkazi, hajakibeba tangu akizae. Anakigusa mguu tu, basi.

Tukapita tunakagua. Kiti cha kuegemea hakuna. Pazia hakuna. Mpira wa oksijeni mfupi. Manesi wengi hawajafundishwa.

"Andika hatuko tayari," Dokta akanambia.

Bi Mize kasikia. "Daktari, mnapima viti au mnanipima mimi? Mie nshakuwa tayari zamani."

Wakuu, roho yangu ilikataa. Nikamuuliza Dokta, "Mtoto hali yake vipi leo?"

"Ametulia."

"Basi akibebwa na oksijeni yake, na mie nimesimama hapa na mashine ya kupimia, kuna ubaya gani?"

Akanitazama weee. "Likitokea la kutokea, ni juu yako."

"Naam, juu yangu."

Nikaburuta kiti cha ofisini kwetu. Kanga mbili zikawa pazia. Mtungi tukausogeza, mpira ukafika.

(Msidhani nilikuwa jasiri. Mpira wa oksijeni niliukagua mara tatu ndipo nikamweka mtoto kifuani kwa mama yake.)

Mtoto akalia kidogo, akanyamaza. Namba za mashine hazikushuka. Bi Mize hakutoa chozi, alisema tu, "Kumbe mzito hivi!"

Mie ndiye niliyelia.

Tangu hapo akawa anabebwa kila siku, Dokta mwenyewe akija kuangalia. Lakini habari zilifika juu kwamba nimembishia mkubwa wangu. Nikahamishiwa chumba cha kufungia vidonda.

Mtoto alifariki akingojea safari ya kupasuliwa nje ya nchi. Nilipokwenda Kizimkazi kuhani, kuna jamaa akanirushia neno, "Ndio nyie mliomtoatoa kitandani."

Kabla sijafungua mdomo, Bi Mize akamkata, "Mwanangu kauliwa na tundu la moyo, si na kifua changu. Huyu kanipa mwanangu nikamjua."

Nilikaa pale mpaka khitma ikaisha.

Somo langu: kupima utayari ni kazi nzuri, tupime. Ila kikikosekana kiti, katafute kiti. Usimnyime mama mwanawe ukaiita tahadhari. Ningepewa siku ile tena ningebisha vilevile, na kuhamishwa wanihamishe.

Manesi na madaktari mliomo humu, mngefanyaje? Na kina mama mliokatazwa kubeba wanenu, semeni. Hata wa kunitukana karibuni, nasoma zote.