Hedfoni Zote Zilikufa Kushoto

Harufu ya sponji mpya ikitoka kwenye boksi, mimi hukosa kutulia. Juzi nilimfungulia mwanangu hedfoni zake za gemu, nikaivuta harufu ile, na miguu ikaanza kucheza yenyewe chini ya meza. Ghafla nikawa tena mtaani kwetu Wabera, msichana wa darasa la saba asiyejua kukaa mahali pamoja.

Niwaambie ukweli, ugonjwa wangu enzi hizo ulikuwa gemu. Nyuma ya duka la unga palikuwa na kibanda chenye mabenchi na waya za kuchajia simu, na humo tulicheza gemu ya kuwindana kwa bunduki, timu kwa timu. Adui humwoni, unasikia nyayo zake, kushoto au kulia, unageuka kabla hajakumaliza. Vidole vyangu vilikuwa vyepesi kuliko vya wote, lakini adui akija kwa kushoto, basi, nimekwisha. Kila mara! Kapteni wetu Halima, binti wa jirani mwenye ulimi wa pilipili, akanichoka.

"Hiyo hedfoni yako imekufa upande moja," akasema. "Tafuta ya maana. Jumamosi ukikuja na hiyo, unakaa nje."

Kukaa nje, mimi? Nilimganda Baba asubuhi na jioni mpaka akasalimu amri.

Baba alikuwa dalali wa mifugo, na mnadani hakuna aliyewahi kumdanganya kwa mnyama mgonjwa. Ijumaa baada ya swala tukaingia duka la vifaa vya simu mjini. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu aitwaye Mwenda. Baba akaitandaza shuka yake begani, tayari kwa bei, maana sokoni kwao watu wawili hushikana mikono chini ya shuka na kupatana kwa vidole, jirani asione. Kisha akaichukua hedfoni ya kwanza, akabonyeza sponji vile alivyobonyeza nundu ya ngamia, akauvuta waya. Aibu gani hiyo! Nilitaka ardhi inimeze.

Nikavaa. Mwenda akaweka muziki.

"Kushoto imekufa," nikasema.

Akaniletea nyeusi. Kushoto imekufa. Nyekundu, yenye taa, isiyo na waya, zote hali moja. Kijasho kikamtoka Mwenda. Mimi nilikuwa narukaruka kutoka rafu hadi rafu, kesho ndiyo Jumamosi na duka zima limeoza!

Baba akamsogelea. "Kijana, unauzia mtoto wangu mbuzi ya jicho moja?"

"Mzee, haki ya Mungu hizi ni mpya. Hebu vaa wewe usikie."

Baba akavua kofia, akavaa hedfoni, akafumba macho. Akazivua polepole. Akanivisha mwenyewe, ila kinyume, ya kulia ikaja kushoto.

"Sasa gani imekufa?"

"Kushoto."

Akazigeuza tena. "Na sasa?"

"Kushoto, Baba! Si nimesema!"

Miaka mingi baadaye aliniambia kwamba pale dukani alikuwa anakumbuka likizo zangu za kijijini Gotu kwa nyanya, nikitumwa kufuata mbuzi, kengele ya beberu ikilia upande huu nami naenda upande ule, na wote wakinicheka kwamba ni mtoto wa lami, wa mjini asiyejua mifugo. Yeye pia alicheka. Hilo lilimuuma sana.

Wakati ule nilichoona ni kwamba aliinama kwa Mwenda na kuuliza, kwa sauti ya chini, "Kuna namna sauti yote ikuje upande moja?"

Mwenda akaniangalia, akamwangalia yeye, akaichukua simu yangu na kubonyeza mahali, kisha akafungua gemu. Mara nyayo zikajaa sikio langu la kulia, nyingi, karibu, nyingine sikuwahi kujua zipo. Nikapiga kelele. Baba akalipa alichoambiwa, mkono haukuingia chini ya shuka. Mimi nikajisifu kwamba nimechagua vizuri hata dalali hakubishania bei.

Jumamosi nilicheza. Sikujua adui yuko upande gani, ila nilijua anakuja, basi nikawa nageukageuka kama kuku aliyepotelewa na vifaranga, na Halima hakuniweka nje. Wiki iliyofuata daktari akatuambia sikio la kushoto lilikufa nikiwa mchanga na halitarudi. Nililia kidogo, nikarudi kibandani.

Lakini siku ile tulipotoka dukani, bodaboda zikipita mbio, Baba aliuachia mkono wangu, akazunguka nyuma yangu, akaushika ule mwingine. Tangu hapo, popote tulipokwenda kwa miguu, alitembea kushoto kwangu. Hata nilipoolewa. Hata alipokuwa anatembea kwa fimbo. Nilidhani ni mazoea ya mzee tu, na mara nyingine nilimwambia asinibane.

Sasa nikitaka kuvuka barabara nasimama, nageuza kichwa kushoto, nageuza tena, na watu nyuma yangu wanalalamika nawachelewesha. Wacha walalamike. Upande ule hauna mtu.