Maneno ya Dada Yangu

Natamani ningemkatalia mama aliponiomba nimdanganye mtawa. Tulikuwa tukitoka kwetu Mahoko, tukimpeleka dada yangu zahanati ya misheni. Mtawa muuguzi alijua Kifaransa tu, na mimi, niliyesoma sekondari, ndiye niliyetegemewa kuwa mkalimani. Nilikuwa nikingoja jibu la kazi ya ualimu katika shule ya mapadri, mjini Nyundo.

"Sema ni malaria, mwanangu," mama alisema. "Mapadri wakijua ametoa mimba, watamnyima komunyo, na wewe hiyo kazi uisahau."

Nikakubali.

Tulipofika zahanati, dada alilazwa kwenye benchi akitetemeka kwa homa, amefungwa vitenge viwili ili damu isionekane. Mtawa alipoinama, dada alimshika mkono akamwambia kwa Kinyarwanda, "Nimekunywa dawa ya kutoa mimba. Nisaidie, nakufa."

"Anasema nini?" mtawa aliniuliza.

"Anasema anasikia baridi. Ni malaria."

"Bon. Apewe kwinini na blanketi."

Dada alinitazama. "Kaka, umemwambia?"

"Nimemwambia."

Akamwachia mtawa mkono, akafumba macho kama mtu aliyetua mzigo.

Alikufa kesho yake. Mwanamume aliyempa mimba hakuulizwa neno. Jumapili alipokea komunyo kama kawaida. Mimi kazi niliipata, na kwa miaka mingi niliwafundisha wasichana kuogopa dhambi, huku ya kwangu sijaiungama kwa padri yeyote. Nilikuwa na dada mmoja tu, naye alikufa kwa sababu nilificha maneno yake ili nipate kazi.