Kikuba cha Khalati

Juzi nilipita Bondeni nikamkuta mama mmoja akitunga asumini na mrehani. Harufu ile ilinirudisha chumbani kwa Bibi, alasiri moja nilipokuwa mdogo.

Khalati Zuhura, mdogo wake mama, alikuwa amerudi kutoka Ganjoni alikokuwa akijifunza kushona. Alipovua buibui, chumba kizima kilinukia asumini. Nilifurahi. Bibi aliacha kupepeta mchele.

"Zuhura, hebu sogea, mwanangu."

Sauti yake ilikuwa ya upole, nami nikadhani anataka kunusa tu. Khalati hakusogea. Kifuani alikuwa amebandika kikuba, kishada kidogo cha maua.

"Umepewa na nani?"

"Nimenunua mwenyewe, mama."

"Umemnunulia mume gani?"

Mimi niliona maua tu. Sasa najua kuwa kwetu kikuba ni pambo la mwenye mume, na msichana akikivaa huwa amekwisha kusema kwamba kuna mtu moyoni mwake. Bibi aliinuka polepole, akatia komeo mlangoni. Joto lilizidi, na harufu ikawa nzito. Kisha alimpigia simu mjomba.

"Wale wa Malindi walioleta posa, waambie tumekubali. Waje Ijumaa."

"Mama, nakuomba. Mtu huyo simjui."

"Utamjua."

Khalati aliketi sakafuni, akajifunika uso kwa mtandio. Nilidhani anaona haya, kama maharusi wote. Nikapiga kigelegele, nikangoja wakubwa waitikie.

"Piga tena, mjukuu wangu," Bibi aliniambia. "Majirani wasikie."